Maswali ya Wasomaji: Skafu na Soksi za Kufuma Kabla ya Krismasi

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru hadi Busia, na karibu zote zinauliza jambo moja: zawadi za kufuma zitakamilika kabla ya sikukuu? Katika majibu yetu, pleni ni kitanzi kinachofumwa uzi ukiwa nyuma ya kazi, na pali ni kile kinachofumwa uzi ukiwa mbele. Vipimo vya sindano ni vya milimita.

Novemba imeingia na orodha yangu ina watu sita. Nimepanga kuanza na skafu kwa kuwa ni rahisi, soksi nizifume muda ukibaki. Nitafika tarehe 25? – Msomaji, Section 58, Nakuru

Kwa mpango huo hutafika. Skafu ni rahisi kufuma lakini haiishi upesi. Hebu tuhesabu vitanzi. Uzi wa unene wa kati, ule ambao lebo yake inataja sindano ya 4, hutoa takriban vitanzi 20 kwa sentimita 10 za upana ukifuma pleni kila mstari. Skafu ya mtu mzima ya sm 20 kwa 160 ina vitanzi 40 na mistari kama 640. Hapo ni vitanzi 25,600. Jozi ya soksi za kawaida, za mguu mfupi wa sm 15, ni karibu vitanzi 12,000. Yaani skafu moja inameza kazi ya jozi mbili za soksi.

Mfumaji wa kasi ya vitanzi 20 kwa dakika atatumia saa 21 kwa skafu na saa 10 kwa soksi. Ukifuma saa moja na nusu kila jioni, skafu moja ni wiki mbili. Skafu sita zitakufikisha mwishoni mwa Januari, watoto wamerudi shule.

Kwa hiyo chagua wawili wa kupata soksi, na skafu uzifume kwa nyuzi mbili zilizoshikwa pamoja kwa sindano ya 6.5. Hapo utapata vitanzi 14 tu kwa sm 10. Anzisha vitanzi 25, fuma pleni mpaka sm 150: mistari ni kama 390, na vitanzi havifiki 10,000. Gharama yake ni uzi. Skafu ya uzi mmoja hula gramu 200, hii ya nyuzi mbili itakula karibu 300. Nunua uzi wote siku moja na ulinganishe namba ya loti, yaani ya kundi la uzi lililotiwa rangi pamoja, kwenye lebo, kwa sababu rangi ile ile ya loti nyingine hujitenga wazi ikishafumwa. Ukilazimika kuchanganya loti, badilisha kila mistari miwili katika sehemu ya makutano ili tofauti ipotee.

Sisi wa Kisumu, skafu na soksi tutavaa lini? Joto hili! Lakini napenda kufuma na ningependa kuwapa watu zawadi. – Kondele

Mwangalie mpokeaji anapoishi, na si wewe unapofumia. Kama zawadi inapanda basi kwenda Timboroa, Molo au Kericho, fuma sufu bila wasiwasi. Desemba jua huwaka mchana lakini usiku wa huko hauna huruma. Kama inabaki kando ya ziwa, tumia pamba, tena nyembamba.

Pamba ina tabia zake. Haivutiki na kurudi kama sufu, hivyo soksi ya pamba iliyofumwa pleni tupu hulegea na kushuka kifundoni kabla ya saa sita mchana. Fuma mguu wote kwa pleni 2 pali 2, shuka saizi moja ya sindano, na punguza vitanzi 4 kutoka hesabu ya sufu. Skafu ya pamba nayo hurefuka kwa uzito wake yenyewe: ukitaka sm 150, simama kwenye 140. Ifume kwa matundu, yaani zungusha uzi juu ya sindano mara moja kisha fuma viwili pamoja, rudia hadi mwisho wa mstari, na mstari wa kurudi uwe pali. Acha vitanzi 3 vya pleni kila upande. Itapitisha upepo, na mtu ataweza kuivaa kanisani bila kutokwa jasho.

Sindano nilizopewa na nyanyangu zimeandikwa 8 na 10. Maelezo niliyopata yanataka "4 mm", mengine "US 8". Nimechanganyikiwa. – Mwanafunzi, Njoro

Sindano za nyanya karibu hakika zina namba za zamani za Uingereza, ambazo huenda kinyume: namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba. Namba 8 ya Uingereza ni milimita 4, namba 10 ni 3.25, namba 12 ni 2.75 na namba 14 ni 2. Za Marekani hupanda pamoja na unene, na 8 yao ni milimita 5. Kwa hiyo sindano mbili zilizoandikwa 8 zinaweza kutofautiana kwa milimita nzima, na skafu ya vitanzi 40 ikaongezeka upana kwa sentimita kadhaa.

Kama namba imefutika, funga uzi mwembamba kwenye sindano mizunguko 10 iliyobanana, weka alama, ufungue, upime kwa rula. Gawa urefu huo kwa 31.4. Ukipata milimita 126, sindano ni ya 4. Hesabu hii hukosea kidogo kwa sababu ya unene wa uzi wenyewe, ndiyo maana uwe mwembamba, wa cherehani.

Skafu yangu inajikunja kama mkeka. Nimefika sm 90. Nikimaliza nitaipiga pasi inyooke? – Kakamega

Umefuma mstari wa pleni, mstari wa pali. Upande wa mbele wa fumo hilo una mvuto tofauti na wa nyuma, kwa hiyo kingo za ubavuni hukimbilia nyuma, na za juu na chini hukimbilia mbele. Pasi haitalishinda hilo. Kama uzi ni wa akriliki, pasi ya moto itauyeyusha kiasi, skafu ilale kama karatasi na isirudi tena. Wengine hushauri kuweka vitanzi vinne vya pleni kila ukingo. Hupunguza, lakini skafu nyembamba bado itajiviringa.

Una njia mbili. Ya kwanza, fumua na uanze upya kwa fumo lenye sura sawa pande zote: pleni kila mstari, au pleni 2 pali 2, au pleni 1 pali 1 huku mstari wa juu ukigeuza mpangilio, kila pleni ikae juu ya pali. Ya pili ni kuifuma iendelee hadi sm 150, kisha ushone kingo ndefu mbili pamoja iwe bomba. Bomba halina ukingo wa kujikunja na lina joto maradufu, lakini upana utabaki nusu. Kama ulianza na sm 20, utakuwa na skafu ya sm 10, na hiyo kwa mtu mzima ni tai. Sisi tungefumua.

Mama mkwe wangu huchuma chai Nandi Hills na huvaa buti za mpira kuanzia alfajiri. Soksi za duka hutoboka kisigino baada ya wiki chache. Nataka nimfumie jozi moja imara. Kiatu ni namba 6, mzingo wa unyayo sm 22. – Kapsabet

Zawadi hii inastahili uzi mzuri. Ndani ya buti ya mpira jasho halina pa kutokea. Akriliki huliacha juu ya ngozi, lakini sufu hufyonza unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla mguu haujahisi majimaji. Tafuta sufu yenye nailoni kidogo. Ukikosa, nunua sufu tupu na uongeze uzi wa cherehani wa nailoni pale kwenye kisigino na vidole, uushike pamoja na uzi mkuu. Andaa gramu 150 na sindano tano za ncha mbili za 3.25.

Anza na sampuli ya mraba wa sm 12, uioshe, ikauke, ndipo uhesabu vitanzi ndani ya sm 10. Tunategemea 24. Soksi hufumwa ndogo kuliko mguu kwa asilimia 10 ili ibane: 22 mara 0.9 ni karibu sm 20, mara 2.4 ni vitanzi 48. Sampuli ikikupa 26, badilisha sindano, usibadilishe hesabu.

Anzisha vitanzi 48 ukiwa umeshika sindano mbili pamoja, ili mdomo wa soksi ulegee. Mdomo uliobana ndiyo sababu kubwa ya soksi kurudi kabatini: kisigino kina mzingo mkubwa kuliko kifundo na lazima kipite. Gawanya vitanzi 12 kwa kila sindano, hakikisha mstari haujapinda, unganisha, na fuma pleni 2 pali 2 hadi sm 25. Soksi ya buti iwe ndefu kupita ukingo wa buti, la sivyo mpira utamkwaruza shavu la mguu.

Sasa kisigino. Chukua vitanzi 24 peke yake, 24 vingine vipumzike. Mstari wa mbele: hamisha kitanzi kimoja bila kukifuma, pleni kimoja, rudia hadi mwisho. Mstari wa nyuma: hamisha cha kwanza, vingine vyote pali. Mistari iwe 24. Vile vitanzi vilivyohamishwa huacha uzi wa pili nyuma yao, kwa hiyo kisigino kinakuwa na unene mara mbili. Uzi wa nailoni uuingize hapa.

Kukizungusha kisigino ndipo wengi hukata tamaa, ingawa ni mistari 10 tu. Mstari wa 1: pleni 13, kisha hamisha viwili kimoja kimoja na uvifume pamoja kwa nyuma yao, pleni 1, geuza kazi hata kama vitanzi vimebaki. Mstari wa 2: hamisha 1, pali 3, pali viwili pamoja, pali 1, geuza. Utaona pengo kila upande. Kuanzia hapo, kila mstari hamisha cha kwanza, fuma hadi kibaki kimoja kabla ya pengo, unganisha hicho na cha ng'ambo ya pengo, fuma kimoja zaidi, geuza. Vitanzi vya pembeni vikiisha utakuwa na 14 na kikombe cha kisigino. Ukipata 13 au 15, uligeuza mapema au ulichelewa. Rudi mistari miwili utalikuta kosa.

Fuma hivyo 14 kwa pleni, okota vitanzi 12 ubavuni mwa kisigino na kimoja zaidi pembeni kabisa kuziba tundu, fuma vile 24 vilivyopumzika kwa mpangilio wake, kisha okota 1 na 12 upande wa pili. Jumla ni 64. Kila mzunguko wa pili punguza kitanzi kimoja upande wa kulia na kimoja wa kushoto wa unyayo, mpaka urudi 48. Endelea hadi soksi ifike sm 19 kutoka nyuma ya kisigino. Kiatu namba 6 ni mguu wa karibu sm 25, na soksi yake iwe 24. Sm 5 zilizobaki ni za vidole.

Vidole: gawa 24 juu, 24 chini. Mwanzoni mwa kila nusu fuma kimoja kisha punguza, na mwishoni punguza kisha fuma kimoja. Hiyo ni kupungua vitanzi 4. Fanya hivyo kila mzunguko wa pili hadi vibaki 24, halafu kila mzunguko hadi 16. Usivipitishie uzi na kuvikaza kama mdomo wa gunia. Lile fundo litamuuma ndani ya buti. Geuza soksi nje ndani, weka sindano mbili za vitanzi 8 sambamba, na uvifunge pamoja jozi kwa jozi kwa sindano ya tatu.

Soksi ya pili imetoka kubwa kuliko ya kwanza, na kuna mistari ya matundu kama ngazi pale sindano zinapokutana. – Bungoma

Ya kwanza uliifuma mkono ukiwa umekaza kwa woga, ya pili ukiwa umezoea. Usipime kwa tepu, hesabu mizunguko na uiandike: mdomo mingapi, mguu mingapi, unyayo mingapi. Soksi ya pili ifuate karatasi. Pia gawa uzi mara mbili kwa mizani kabla ya kuanza, usije ukaishiwa kwenye vidole vya mguu wa kushoto.

Ngazi hutokana na uzi kulegea kati ya sindano mbili. Watu hukaza kitanzi cha kwanza. Kaza cha pili, ndicho kinachovuta pengo. Na kila mizunguko michache sogeza vitanzi viwili kutoka sindano moja hadi nyingine, makutano yasibaki mahali pamoja.

Soko la Kibuye nimeona sweta za mitumba za sufu nzuri kwa bei ya chini kuliko uzi mpya. Zinafumulika? – Manyatta, Kisumu

Nyingine ndiyo, nyingine ni hasara. Igeuze nje ndani uangalie mishono ya ubavuni. Ukiona overloki, yaani ukingo uliokatwa na kuzungushiwa nyuzi, iache: kila mstari umekatwa na utapata vipande vifupi visivyofaa. Ukiona kingo mbili nzima zilizounganishwa kwa mnyororo wa uzi mmoja, nunua. Iache pia sweta iliyoganda kwa kuoshwa na maji moto, kwa kuwa nyuzi zake zimeshikana.

Lebo ikikosekana, omba kinyuzi kidogo, kishike kwa koleo juu ya karai la maji na ukiguse kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Pamba hunuka karatasi.

Fungua mishono kwanza, mikono utoe, kisha fumua kila kipande kuanzia juu, maana kazi iliyofumwa kutoka chini kwenda juu hufumuka vizuri kutoka pale ilipofungwa. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga mahali panne kwa uzi wa rangi nyingine, loweka dakika 30 katika maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kamua kwa taulo, utundike na kitu chepesi chini yake hadi ukauke. Ukiruka hatua hii utafuma uzi wenye mawimbi na sampuli yako itakudanganya. Sweta ya gramu 400 inatosha skafu moja na jozi moja ya soksi, na kinabaki cha kuzibia viraka. Kama uzi ni mwembamba, shika nyuzi mbili pamoja, upime sampuli upya.

Sindano za soksi sizipati hapa. Spoku za baiskeli zinafaa? – Busia

Zinafaa, na watu wamefumia spoku miaka mingi. Nyingi zina unene wa milimita 2, hivyo zinatosha uzi mwembamba wa soksi tu. Kwa uzi wa kati zitatoa soksi ngumu kama gunia. Kata kichwa kilichopinda na upande wenye nyuzi za skrubu, ubaki na sm 18 hadi 20, noa ncha zote mbili kwa jiwe ziwe butu kiasi, kisha sugua kwa msasa laini mpaka uzi usinase. Iliyoanza kutu usiitumie, doa lake halitoki kwenye sufu.

Mjukuu wangu atakuwa na miezi mitatu wakati wa Krismasi. Skafu yake iwe na urefu gani? – Molo

Mama, usimfumie skafu. Mtoto wa umri huo anaweza kunyongwa na kitu kilichozungushwa shingoni akilala. Mfumie kofia na soksi. Soksi iwe na vitanzi 28 kwa uzi na sindano zile zile za barua ya Kapsabet, urefu wa unyayo sm 9, na mguu wote uwe pleni 2 pali 2 ili asizipige teke zikatoka. Ribboni ndefu na vifungo vidogo usiweke.

Zawadi ya sufu niliyotoa ilifuliwa mara moja tu ikawa ya mwanasesere. Inarudi? – Eldoret

Hairudi. Sufu ina magamba madogo sana kwenye kila unyweleo, na maji moto, sabuni na kusugua kwa pamoja huyafanya yashikane moja kwa moja. Ni kile kile kinachotengeneza blanketi zito, ila hapa hakikukusudiwa.

Zawadi ijayo ifunge pamoja na kikaratasi: maji baridi, sabuni ya maji au ya unga iliyoyeyushwa kabisa, bonyeza usisugue, usikamue kwa kunyonga, viringisha ndani ya taulo ukanyage, laza juu ya kitambaa kivulini. Usitundike kwenye kamba, skafu itarefuka na soksi zitabaki na alama za vibanio. Na kama unajua kabisa kwamba nyumba ile kila nguo hupigwa kipande cha sabuni na kusuguliwa kwenye jiwe, basi mfumie akriliki kwa amani.